Ndalahwa Wawili wa Dutwa

Mtu wa Dutwa usimwulize anashabikia nini, maana utalala njaa ukisubiri amalize kujibu. Anaweza kuvumilia bei mbaya ya pamba msimu mzima bila kufungua kinywa, halafu akavunja urafiki wa miaka kwa sababu ya ngoma. Haya yasemwe mapema, ili pasiwe na wa kushangaa kwa nini Luhende, fundi baiskeli, mtu asiyemtupia jiwe hata mbuzi aliyemlia chakula chake, alifika mahali pa kumwomba Mungu yeye mwenyewe ashindwe mbele ya watu wake.

Luhende alizaliwa Zagayu, katika familia ya wakulima wa pamba waliosali Jumapili na kulima siku zote zilizobaki. Akiwa kijana alipelekwa Dutwa kujifunza ufundi kwa mjomba wake, na mjomba alipozeeka akamwachia kibanda, pampu na sanduku la spana. Hapo kando ya barabara ya Bariadi ndipo alipoishi maisha yake, akiziba pancha, akikaza spoki, akizungusha pedeli na kutega sikio asikie cheni inalalamika wapi. Alimwoa Mektilda, wakazaa watoto, wa kwanza wao Scola. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuomba radhi hata pale alipokosewa yeye. Wateja walimpenda kwa jambo moja: hakuwa na haraka. Mtu akieleza ubovu wa baiskeli yake, Luhende alimngoja mpaka amalize, kisha akangoja tena kidogo, pengine bado kuna neno limebaki.

Kilichomponza ni koo. Alikuwa na sauti nene isiyolingana na mbavu zake, na mtu aliyeisikia bila kumwona angedhani mwenye sauti hiyo ana kitambi na ng'ombe wengi. Limbu, mpiga ngoma na mkubwa wa kikundi cha sanaa cha Dutwa, alikuwa akiisikia kanisani kila Jumapili, na alijua vizuri kazi ya kuipa.

Ilikuwa miaka ile ya tisini kuelekea mwisho, pale biashara ya pamba ilipofunguliwa. Chama cha ushirika kiliachwa na ghala lake kubwa tupu, na makampuni yakaja kila moja na mizani yake, yakigombea wakulima. Kampuni iliyotaka watu wakusanyike penye mizani yake iliita ngoma. Limbu akaona mlango umefunguka. Akatunga mchezo mzima wa nyimbo, tangu mwanzo hadi mwisho hakuna anayesema ila anaimba, akauita Zizi la Ndalahwa. Ulihusu mzee tajiri mwenye tamaa aliyepandisha mahari ya binti yake kila wakwe walipofika, mpaka wakwe wakachoka, binti akatoroka, na mzee akabaki peke yake na ng'ombe wasio na wa kuwakamua. Ndalahwa huyo alikuwa Luhende, kavalishwa ndevu za katani na mto wa pamba tumboni.

Kila wakwe walipoleta ng'ombe, Ndalahwa aliwageukia watazamaji, akapanua mikono na kuimba, "Zizi limejaa?" Na uwanja mzima, wazee kwa vijana, ukamwitikia, "Bado." Hapo ndipo Luhende alipokuwa bingwa. Hakukimbilia ubeti unaofuata. Aligusa sikio, akangoja. Watu wakiitikia kwa uchovu aliwauliza tena, wakiitikia kwa nguvu alicheka cheko la fisi, na Limbu na ngoma yake hawakuthubutu kuendelea mpaka yeye aridhike. Siku nyingine swali hilo moja lilijibiwa mpaka jua likasogea.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hawakusema hutunzwa nini. Luhende alitunzwa jina. Sokoni hakuitwa tena Baba Scola, aliitwa Ndalahwa. Watoto walikimbia walipomwona akipita na baiskeli ya mtu. Mama mmoja aliyeletewa tairi lililozibwa alikataa kabisa kuamini kwamba bei aliyotajiwa ni hiyohiyo, akamwambia anamfahamu, hesabu zake hazina mwisho. Luhende alicheka. Aliona ni sifa, na ilikuwa sifa kweli, mpaka Scola alipopata mchumba.

Mchumba aliitwa Deogratias, kijana wa Mkula aliyekuja kupima pamba kwa niaba ya kampuni moja. Scola alileta mafurushi ya pamba ya nyumbani kwao, wakajikuta wanaongea hata baada ya mizani kutulia. Kijana alikuwa na adabu na alisema wazi kwamba anataka kuoa. Alilelewa na bibi yake, Nyanjige, baada ya wazazi wake kufariki, na huko Mkula hakuna aliyeinua mguu bila bibi huyo kuitikia kwa kichwa. Basi Nyanjige akatuma washenga.

Washenga walifika Dutwa asubuhi, wakapokewa kwa salamu nyingi za mwangaluka, na viazi vikavu vya michembe, na chai. Mazungumzo yakaenda vizuri. Wakataja ng'ombe wa mahari walionao, na mkubwa wao, mtu mtaratibu, akauliza kwa heshima kama hapo watakuwa wamefika. Luhende alikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini alipotazama mbele yake akaona nyuso zimekaza, akawahurumia, akataka kuwachekesha kidogo kabla ya kuwapa jibu la kweli. Akatokeza tumbo asilokuwa nalo, akapanua mikono, akaimba kwa sauti yake yote, "Bado."

Hakuna aliyecheka. Washenga waliweka vikombe chini, wakashika kofia zao, wakaaga. Luhende aliwafuata hadi barabarani akiwaeleza kwamba ule ni mchezo tu, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidisha mwendo.

Jibu la Nyanjige lilikuja kwa mdomo wa Deogratias mwenyewe, ameinamisha kichwa. Bibi alikwishamwona Ndalahwa akicheza kule Mkula wakati wa sherehe, na alisema siku ile ile kwamba mtu hawezi kuimba tamaa kwa utamu namna hiyo kama hana shamba lake moyoni. Sasa washenga wake mwenyewe wamelisikia neno kutoka katika kinywa kilekile. Hawezi kupeleka ng'ombe wa marehemu mwanawe kwenye zizi lisilojaa. Alikuwa hana ugomvi na binti. Ugomvi wake ni na baba.

Scola alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kuchota maji. Luhende alikaa kibandani na tairi magotini bila kuliziba. Alikuwa amemfunga mwanawe kwa ulimi wake mwenyewe, na hakujua pa kuanzia kumfungua. Alituma watu Mkula, kwanza katekista, kisha shangazi, na wote wakarudi na jibu lile lile: nani awezaye kumsafisha Ndalahwa?

Mambo yakiwa hapo, akaja Constantine na kamera.

Constantine alikuwa kijana wa Dutwa aliyeishi Mwanza akipiga video za harusi. Wakati huo vibanda vya video vilikuwa vimeota Bariadi kila kona, watu wamejazana kwenye benchi wakitazama mikanda ya ng'ambo, na Constantine akawaza kwa nini wasitazame wa nyumbani. Akaja kuomba Zizi la Ndalahwa liwe filamu. Limbu alikubali kwa kiburi kikubwa. Luhende akaitwa, akavalishwa ndevu, akawekwa mbele ya kamera karibu kabisa, akaambiwa akasirike. Constantine alitazama, akatazama tena, akaizima.

"Baba, unisamehe," alisema. "Uwanjani unatisha. Lakini kamera inaona macho, na haya macho yako yanawaonea watu huruma. Nitatafuta mwingine."

Luhende alirudi kibandani ameumia kidogo, lazima tuseme ukweli. Nani anapenda kuambiwa hafai katika jambo lililompa jina? Lakini alipokuwa akijaza upepo tairi la mtu, wazo likamjia, akaacha pampu katikati. Kama mkanda utatembea Bariadi na Mwanza na Mkula, na ndani yake Ndalahwa ni mtu mwingine, basi hilo jina litahama. Litamhamia huyo mwenzake. Alijiona kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba mgongoni, akaziba pancha tatu mfululizo akiimba tenzi za kanisa.

Huyo mwenzake aliitwa Novatus, mwigizaji wa Mwanza mwenye kifua na shingo ya dume la ng'ombe. Filamu ilipotoka, Dutwa ilipasuka vipande viwili.

Upande wa filamu uliongozwa na Klementina, mwenye mgahawa wa chai karibu na stendi. Yeye alikuwa ameitazama mara nyingi, na kila mara alitoka na macho mekundu. Alisema kule uwanjani binti anapotoroka unamwona mgongo tu, lakini kwenye filamu unaliona chozi likishuka mpaka kwenye kidevu. Alisema ng'ombe ni ng'ombe kweli, si vijana waliofunikwa ngozi. Tena mwisho wa filamu Ndalahwa anatubu, anamkumbatia mwanawe, na mtu anarudi nyumbani moyo umetulia. Kwa nini mtu alipe kiingilio ili atoke na huzuni?

Upande wa jukwaa uliongozwa na Limbu, ambaye alikuwa ameitazama mara moja tu na akasema inamtosha mpaka kaburini. Alisema watu wa filamu walimtoa Ndalahwa kwenye kigoda wakamkalisha kwenye sofa. Walimvalisha tai. Ngoma yake Limbu ilibadilishwa kuwa kinanda cha umeme kinacholia kama jogoo mgonjwa. Na hiyo toba ya mwisho, alisema, ni uongo. Mzee wa namna ile hatubu, anabaki na ng'ombe wake, na hilo ndilo fundisho lenyewe. Lakini lililomchoma zaidi ni "Bado". Watu kwenye kibanda cha video, walipomsikia Novatus akiuliza kama zizi limejaa, waliitikia kwa nguvu zote, kwa sababu ndivyo walivyozoea, na Novatus hakuwasikiliza. Alikuwa amekwishafika ubeti wa pili. Watu wakabaki na "bado" yao mdomoni kama wageni walionyoosha mkono wasipewe mkono.

Klementina alijibu kwamba filamu si kanisa, haina haja ya kuitikiwa. Limbu akaacha kunywa chai kwake. Wateja wakagawanyika, walioipenda filamu wakanywa kwa Klementina, walioupenda uwanja wakanywa uji kwa jirani yake ingawa uji wenyewe ulikuwa na madonge. Wanandoa wa nyumba mbili walinuniana. Na kila mtu, wa pande zote, alipita kibandani kwa Luhende kumpa pole au kumchokoza: Ndalahwa wa kweli ni nani, wewe au yule?

"Yule," alijibu Luhende kila mara, kwa haraka isiyo yake. "Yule ndiye hasa."

Watu wa Limbu walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kumpenda na kuzidi kulitangaza jina lake. Hakuna aliyejua isipokuwa Mektilda kwamba mtu huyu alikuwa akipiga kampeni dhidi yake mwenyewe.

Sasa Usukumani ubishi wa ngoma una mahakama yake, na si ya maneno. Vikundi viwili vinachezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kimoja huku, kingine kule, na watu ndio hukumu. Wanakwenda wanakovutwa. Wakichoshwa wanahama, na asubuhi kundi lenye watu tele laweza jioni kujikuta linachezea mbwa na vumbi. Limbu, alipoona maneno hayamtoi mtu jasho, akamwambia Klementina mbele ya watu: tushindane kama wazee wetu. Klementina akauliza filamu itachezaje uwanjani mchana wa jua. Ndipo mtu akalikumbuka ghala la ushirika. Ndani giza, nje uwanja, katikati mlango mmoja mpana. Constantine aweke televisheni zake ndani, Limbu aweke ngoma yake nje, waanze pamoja, na watu waende wapendako.

Habari ilifika Mkula kabla ya vumbi la baiskeli iliyoipeleka kutulia. Huko nako walikuwa wamegawanyika. Nyanjige mwenyewe katika ujana wake alikuwa mchezaji wa kutajwa, na tangu hapo hakuna shindano la mbina, ngoma hizo za Wasukuma, lililompita miguu yake ikiwa hai. Alimwambia Deogratias ampeleke Dutwa. Alisema haendi kwa ajili ya posa, posa imekwisha. Anakwenda kuona mchezo.

Luhende aliposikia kwamba bibi anakuja, alikosa usingizi. Mektilda ndiye aliyemwambia lililokuwa moyoni mwa wote wawili: aimbe vibaya. Aimbe kama mtu mwenye mafua, watu wamtoroke waingie ghalani, bibi aone kwa macho yake kwamba Ndalahwa ni yule wa ndani na huyu wa nje ni fundi baiskeli tu. Kuna kosa gani? Ni mara moja, na ni kwa ajili ya mtoto. Luhende alikubali, na alipokubali akalala fofofo.

Siku ya siku ikafika, msimu wa pamba ukiwa umekaribia mwisho, watu wana muda. Baiskeli ziliegemezwa ukutani mwa ghala mpaka ukuta ukapotea. Nyanjige alifika mapema na Deogratias, akaletewa kigoda. Alijaribu kukaa ndani, akasema joto linamziba pumzi. Akajaribu nje, akasema jua linamchoma. Mwishowe akaamuru kigoda chake kiwekwe mlangoni pale pale, kwenye kizingiti, nusu kivulini. Watu waliotaka kupita walimzunguka. Luhende alimwona kutoka nyuma ya turubai alipokuwa akifungwa mto tumboni.

Limbu akapiga. Ndani kinanda kikaanza. Luhende akatoka, akaimba kama alivyokubaliana na mkewe, sauti imefungwa kooni, miguu inaburuta. Na njama ikafanya kazi. Kwanza walihama vijana, kisha akina mama wenye watoto, wakipita pembeni ya kigoda cha Nyanjige na kumezwa na giza. Klementina alisimama ndani akiwapokea kama wageni wa arusi. Limbu alimtazama Luhende kwa uchungu usiosemeka, akaendelea kupiga. Alichokiomba Luhende kilikuwa kinatokea mbele ya macho yake.

Lakini wazee hawakuhama. Walikuwa wamekaa chini mstari wa mbele, wengine wamekuja kutoka vijiji vya mbali kwa baiskeli alizozitengeneza kwa mikono yake. Aliponyoosha mikono akauliza kwa sauti ile ya mgonjwa kama zizi limejaa, waliitikia wote, "Bado," kwa nguvu, kwa imani, kisha wakamtazama wakingoja cheko lake. Walidhani anawapima. Hawakuweza hata kufikiri kwamba anawadanganya.

Luhende aliona aibu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alimtazama Nyanjige mlangoni, akamtafuta Scola katika watu, akasema moyoni, mwanangu nisamehe. Akagusa sikio lake. Akawauliza tena wazee, na safari hii aliuliza kwa koo lote Mungu alilompa.

Sauti hiyo iliingia mpaka ghalani. Walioingia wakageuza shingo. Na bahati ya siku ile, kule ndani Novatus naye alikuwa amefikia swali lile lile, amesimama mbele ya sofa yake na tai yake. Basi wa nje wakaitikia "bado" na wa ndani wakaitikia "bado", na mlangoni zikakutana. Novatus hakungoja, akasonga mbele. Luhende alingoja. Waliokuwa ndani wakaanza kutoka, waliokuwa nje wakaingia kuona wenzao wanatazama nini, na katikati ya mafuriko hayo Nyanjige alikaa kwenye kigoda chake akigeuza kichwa: ndani, nje, ndani, nje. Alitazama hivyo mpaka mchezo ukaisha, na mkono wake wa kulia ukapiga goti kufuata ngoma bila yeye kujua.

Nani alishinda, mpaka leo usiulize Dutwa kama una safari. Watu walikuwa wamejazana mlangoni, nusu huku, nusu kule, na kila upande ulijihesabia wote.

Luhende hakungoja hukumu. Alikuwa anafungua mto tumboni, amekwishajiona baba aliyemuuza mwanawe kwa nderemo, Deogratias alipokuja kumwita. Bibi anamtaka. Akaenda na ndevu zake za katani, watu wakampisha. Akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mwadila, mayu," alimsalimia, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

"Mwadila, baba. Toa hizo ndevu nikuone."

Akazitoa. Nyanjige alimshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama muda mrefu. Watu waliozunguka wakasogea karibu, hata Limbu.

"Huko ndani kuna mmoja ana tai," alisema mwisho. "Huku kuna mmoja ana katani. Nimewaona wote kwa wakati mmoja wakidai ng'ombe yuleyule. Mtu mmoja hakai mahali pawili. Kumbe Ndalahwa si mtu, ni koti. Yeyote anavaa." Akamwachia kidevu. "Nilikuwa nimelikatalia koti."

Luhende akazikunja ndevu zake za katani, akaziweka chini.

"Na jingine," bibi akaendelea, sasa anaongea kama mchezaji na mchezaji mwenzake. "Yule wa ndani hangoji. Anauliza na kuondoka. Wewe unauliza, unakaa, unasikiliza mpaka wa mwisho amejibu. Mwenye tamaa hana subira hiyo. Ungekuwa na tamaa ungeshindwa kuimba hivyo. Niliona Mkula, lakini nilikaa mbali."

Kisha akamwambia Deogratias amwinue, maana magoti ya baba huyu yataota mizizi. Luhende aliinuka, akamtafuta Mektilda, akamwona amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na hakujua analia au anacheka mpaka alipomfikia akakuta ni yote mawili. Hewa ilimwingia kifuani kwa raha aliyokuwa ameisahau. Klementina alimletea chai bila kumtoza, akamnong'oneza kwamba filamu bado ni bora, akasema lakini hongera.

Washenga walirudi baada ya mavuno kuisha, wale wale, na mara hii Nyanjige alikuja nao mwenyewe, amekaa nyuma ya baiskeli ya mjukuu wake kama malkia. Ua wa Luhende ulijaa. Watu wa jukwaa walikaa kushoto, watu wa filamu kulia, maana hata kwenye posa hawakukubali kuchanganyika, na Limbu alikuwa ameweka ngoma kati ya magoti akidai hakuna mahali pengine pa kuiweka. Michembe ikaliwa, chai ikanywewa. Mkubwa wa washenga akaeleza waliyoyaleta, kwa utaratibu uleule. Alipofika mahali pa kuuliza, akasita, akamtazama Nyanjige. Hakutaka kuuliza mara ya pili.

Nyanjige akauliza mwenyewe. Na hakuuliza kwa maneno ya washenga. Aliimba, kwa sauti ya kizee iliyopasuka lakini iliyojua njia yake, "Zizi limejaa?"

Ua mzima ukavuta pumzi. Wa kushoto na wa kulia, kila mmoja alikuwa na neno lilelile kwenye ncha ya ulimi, na vidole vya Limbu vilikwishagusa ngozi ya ngoma. Wote walimtazama Luhende. Naye hakuwangoja.

"Limejaa, mayu," alisema, kwa sauti yake ya kibandani. "Hata siku ile lilikuwa limejaa."